MASHAURI YA NYUMBA: Mwalimu anayetaka kurudi darasani



Mama mmoja wa Likasi ametuandikia barua. Alifundisha primeri miaka sita, akaacha mwaka 2007, juu mshahara ulikuwa haufiki na watoto wake walikuwa wangali wadogo. Tangu wakati ule anauza unga na makala sokoni. Sasa shule moja ya karibu inatafuta mwalimu wa darasa la pili, na direkta amemwita. Anauliza hivi: "Pastere, kazi nimeisahau. Watoto hawatanicheka? Na bwana yangu anasema nitaacha faida ya soko juu ya franka ambayo hatujui siku yake. Nifanye namna gani?"

Mama, ninakujibu mbele ya wasomaji wote, kwani katika miji yetu ya migodi watu kama wewe si wachache. Katika miaka ya 1990 bei za vitu zilikula mshahara wa mwalimu mpaka wazazi wakaanza kuwalipa walimu wenyewe. Wengi wakaweka chaki chini. Huyu akaenda kuchimba, yule akashika njia ya Zambia, mwingine akafungua meza ya biashara. Kisha mwaka 2003 na 2004 Gécamines ikaaga wafanyakazi zaidi ya 10,000 kwa mpango ule wa kuondoka kwa mapenzi. Nyumba iliyopoteza mshahara wa baba haikuweza kungojea ule mdogo wa mama mwalimu. Asiwepo mtu wa kuwaita wavivu.

Na kwa nini leo wanakuita? Tangu Septemba 2019 serikali ilianza kutimiza masomo ya primeri bila malipo, katika shule zake na katika zile za makanisa zinazofanya kazi pamoja nayo. Watoto waliokuwa wamekaa nyumbani wakatoka, wakajaa kwenye mabenchi. Lakini mwalimu hazaliwi kwa siku moja.

Tuanze na makuta, kwa sababu bwana wako ameuliza neno la kweli. Usimwone kuwa mpinzani. Nendeni wote wawili kwa direkta, mumuulize wazi: nafasi hii iko na matrikuli, ama dosye itaanza upya? Ikianza upya, unaweza kuingia katika kundi la wale wanaofundisha bila kulipwa na serikali, na kungoja kule kunaweza kuwa kurefu sana. Zamani mzazi alitoa kitu kidogo, mwalimu akapata chumvi. Leo katika primeri ya bure shule haina ruhusa ya kumdai mzazi. Basi nani atakulisha wakati wa kungoja? Direkta akijibu "Tutaona, mama," rudini nyumbani mkahesabu tena.

Kama ulikuwa na matrikuli ya zamani, tafuta kila karatasi yake. Ofisi ya malipo ya walimu tuliyoijua kwa jina la SECOPE sasa inaitwa DINACOPE. Tena mwaka 2015 Katanga iligawanywa kuwa majimbo manne. Aliyefundisha Kolwezi siku zile alikuwa mtu wa Katanga, leo Kolwezi ni mji mkubwa wa Lualaba. Uliza dosye yako ilibaki wapi. Angalia vilevile kwamba jina la dipolomi na jina la kitambulisho yanafanana, herufi kwa herufi, zaidi kwa akina mama ambao watu wamezoea kuwaita kwa jina la bwana.

Na mtu akikunong'oneza, "Chukua matrikuli ya mwalimu fulani aliyekufa, utalipwa kwa jina lake," mkimbie. Huo ni wizi, hata kama unafundisha kweli kila siku.

Sasa darasa lenyewe. Unasema umesahau. Mimi ninafikiri hesabu ya darasa la pili hukuisahau, kwani miaka yote hii unapima unga na kurudisha chenji bila karatasi. Kinachopotea ni kingine. Sauti inapotea: siku ya tatu koo litakauka. Miguu imezoea kiti cha soko. Mkono umesahau kuandika mstari ulionyooka kwenye tablo huku jicho moja linaangalia nyuma. (Mimi pastere ninasimama mbele ya watu kila siku ya Mungu, lakini watu wazima wakichoka wanasinzia polepole. Watoto 70 wakichoka, hawasinzii!)

Kwa hiyo usingoje siku ya kwanza. Omba direkta akuache uketi juma moja nyuma ya darasa la mwenzako, na kaye mkononi. Utaona mambo mapya. Kuna vitabu vilivyotolewa kwa kujifunza kusoma kwa Kiswahili katika madarasa ya chini, mtoto asikie sauti ya herufi katika lugha anayoifahamu, huku Kifaransa kikiingia pole pole. Sisi wengine tuliimbishwa Kifaransa kama kasuku tangu asubuhi ya kwanza. Utasikia pia watu wakisema darasa la 7 na la 8, nawe utashangaa: ni ile miaka miwili ya kwanza ya sekonderi, ambayo sasa inahesabiwa pamoja na elimu ya msingi. Jioni andika fishi zako za matayarisho, hata kama somo ni dogo. Mwalimu aliyekaa miaka mingi nje ndiye anayezihitaji zaidi.

Kuhusu kuchekwa: watoto watacheka, ndiyo. Watacheka siku mbili. Wakiona kwamba unajua majina yao na kwamba kaye zao zinarudi zimesahihishwa, watanyamaza. Aibu kubwa inaweza kutoka upande mwingine. Itakuwa namna gani ukikuta direkta ni kijana uliyemfundisha kusoma? Mbele ya watoto mwite Bwana Direkta, na ukitaka kumkosoa, fanya hivyo ofisini, mlango umefungwa. Naye kijana, kama anasoma ukurasa huu, asimtume mama huyu kumnunulia mikate.

Neno la biashara. Walimu wengi wanauza kitu ili waishi, siwahukumu. Lakini usiuze chochote kwa watoto wa darasa lako, wala usiwakopeshe wazazi wao unga. Siku mzazi aliye na deni ataleta kaye ya mtoto aliyeshindwa, utaandika pointi gani? Na yule aliyelipa vizuri? Soko likiingia darasani, hata pointi za haki zitanuka unga.

Mkubaliane na bwana kwa mwaka mmoja wa masomo, na meza ya soko isivunjwe kwanza. Aliye na akiba ya miezi mitatu ya unga na ya nyumba aende kwa moyo mwepesi zaidi. Asiye nayo aanze kuiweka sasa.

Na ninyi vijana wa nyumba ile: mama akisoma Kifaransa kwa sauti usiku, msimcheke matamshi. Chukueni ndoo, pikeni bukari. Unamwandikia pastere kwamba wazazi hawakujali, na sahani za jana zingali nje?

Mama, katika barua yako uliandika kwamba binti yako wa miaka 13 anaweza kukaa kwenye meza mahali pako. Jumamosi, sawa. Alasiri kidogo, akiisha kufanya kazi za masomo, sawa. Saa za asubuhi, hapana. Tafuta dada au jirani umgawie faida, ama funga meza mpaka kengele ya mwisho. Wewe usiingie darasani kwa mlango ule ambao mtoto wako anatokea.