Kabla Uandike "Namuenzi", Taja Jina

Wasee wangu, jibuni swali moja bila kugugo: wimbo wa "Jambo Bwana" ni wa nani?

Kuuimba utauimba, hata ukiamshwa saa nane za usiku. Lakini ukiulizwa mwenyewe ni nani, wengi watasema ni wimbo wa zamani tu, wa watalii, wa kila mtu. Zii. Uliandikwa na Teddy Kalanda Harrison wa Them Mushrooms, bendi ya ndugu kutoka pwani waliokuwa wakipiga muziki kwenye hoteli za Mombasa. Waliutoa 1982. Mwaka uliofuata Boney M wakatoa toleo lao huko Ujerumani, na wimbo ukazunguka dunia. Leo kuna watu duniani wanaojua maneno matatu tu ya Kiswahili, na yote wameyatoa kwa huo wimbo. Sisi wenye Kiswahili ndio hatumjui mtunzi.

Nasema hivi kwa sababu siku hizi neno "kuenzi" limekuwa rahisi kuliko chapo ya jana. Mtu anachukua ngoma ya zamani, anaikimbiza kidogo, anaweka densi juu, anaandika "heshima kwa wakongwe", basi. Mkongwe gani? Hakuna jina. Mwingine anachora upya picha ya msanii mwingine, anabadilisha rangi ya nguo, anasema alimpenda sana. Kama ulimpenda sana, mbona jina lake halikutoshea hapo chini?

Halafu ikifika Machi, picha za E-Sir zinaanza kuzunguka. Alifariki Machi 2003, na wengi wetu tunaomlilia tulikuwa bado tunabebwa mgongoni ama hata hatujazaliwa. Hiyo ni poa, sina noma nayo. Lakini mshumaa na emoji ya kulia haigharimu kitu. Ukitaka kumuenzi E-Sir, skiza albamu ya "Nimefika" kutoka mwanzo hadi mwisho. Skiza vile alivyoweka Kiswahili kwa rap bila kuona haya, wakati wengi waliamini rap lazima iwe ya Kimarekani. Kisha fanya kitu chako kinachoonyesha kwamba ulimsikia. Hapo ndipo kumuenzi kunaanzia.

Kuna mtu ataniambia, "Buda, unakuza mambo. Jina ni jina tu." Sawa, wacha tuone jina likianguka nini hufuata.

Mwaka 1939 huko Johannesburg, Solomon Linda na kundi lake walirekodi wimbo unaoitwa "Mbube", maana yake simba. Haki za wimbo aliziuza kwa shilingi kumi. Santuri ikafika Marekani, na kundi la The Weavers likauimba likiwa limesikia vibaya hata neno lenyewe, wakaliita "Wimoweh". Mwaka 1961 The Tokens wakautoa kwa Kiingereza kama "The Lion Sleeps Tonight", ukashika namba moja kule Marekani. Mwaka uliofuata Solomon Linda akafa maskini. Mwaka 1994 ukaingia kwenye filamu ya "The Lion King", ile ambayo pengine wewe na mimi tuliiona utotoni kwa CD za kukodisha. Familia yake ilipata makubaliano ya malipo 2006, miaka 44 baada ya yeye kuzikwa. Na watoto wa dunia nzima walikuwa wanaimba sauti ya baba yao muda huo wote.

Hakuna aliyeamka asubuhi akasema leo naibia Mzulu mmoja. Kila mtu aliupenda wimbo. Ona basi: kupenda kazi ya mtu na kumheshimu mtu ni vitu viwili. Unaweza kuupenda wimbo mpaka ukammaliza mwenyewe.

Sasa, sitaki mfikiri hii ni hotuba ya "msinakili". Hakuna msanii asiyeazima. Chinua Achebe alitoa jina la "Things Fall Apart" kwenye shairi la W. B. Yeats, na mistari ya Yeats ameiweka pale mbele kabisa ya kitabu, na jina la Yeats chini yake. Kisha akaandika riwaya kuhusu Waigbo na ukoloni, jambo ambalo Yeats hakuwa analizungumzia hata kidogo. Alichukua, akataja, akaenda kwake. Kwa hivyo heshima haimaanishi kupiga magoti. Unaweza kumtaja mkubwa na bado ukasimama mahali pako.

Lakini hata huko ni mbali. Sisi wenyewe tuna mfano huku nyumbani, na ni mkali kuliko yote. Unaitwa takhmisa.

Iko hivi. Unachukua shairi la mtu aliyekutangulia, lenye mistari miwili miwili. Haumgusi. Hauondoi hata neno. Kisha kwa kila mistari yake miwili unatunga mitatu yako, unaitanguliza, ili ubeti uwe na mistari mitano. Jina lenyewe linatoka kwa neno la Kiarabu la tano. Na vina vyako lazima vifuate vyake. Ukishindwa kufikia kiwango chake, kila mtu ataona, kwa sababu mistari yake iko hapo hapo chini ya yako.

Maarufu kuliko zote ni Takhmisa ya Liyongo. Fumo Liyongo ni yule shujaa wa pwani ya kaskazini, wa zamani sana mpaka wataalamu hawakubaliani aliishi karne gani. Shairi linalosemwa ni lake lilichukuliwa na Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, mshairi yuleyule anayejulikana kwa "Al-Inkishafi", zaidi ya miaka 200 iliyopita. Akaongeza mistari yake mitatu kwa kila miwili ya Liyongo, ubeti baada ya ubeti. Ukisoma leo unawasikia wote wawili. Kijana anafungua, mzee anafunga. Manze, hiyo ni kolabo ya mtu aliye hai na mtu aliyekufa zamani, na hakuna aliyepotea ndani yake.

Fikiria hilo kabla hujasema sheria za kutaja wenye kazi ni mambo ya wazungu. Washairi wa Lamu na Pate walikuwa na utaratibu unaofanya wizi uwe mgumu, kwa sababu umbo lenyewe la shairi linakulazimisha umwache mwenzako aonekane.

Na kwa wale wanaongoja sheria ya serikali, ipo. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 inampa mtunzi haki ya kutambuliwa kama mwenye kazi yake, na akiwa hai haki hiyo haihamishwi kwa mtu mwingine, hata akiuza wimbo. Maneno na muziki hulindwa mpaka miaka 50 baada ya mwisho wa mwaka aliofariki mtunzi. Piga hesabu: aliyoandika E-Sir yanalindwa hadi mwisho wa 2053. Shairi la Liyongo halina mlinzi wa kortini tena. Linalindwa na adabu yetu tu, na adabu ndiyo imeanza kukonda.

Mimi niliacha chuo, kwa hivyo msidhani nawaongelesha kama lekchara. Sina cheti cha fasihi. Naishi kwa kutengeneza video, na kuna ukurasa mkubwa ulichukua yangu moja, ukakata pembe iliyokuwa na jina langu, ukaandika "tunapenda vipaji vya vijana". Kipaji kimependwa, kijana ametupwa. Watu wakanitumia wakiniambia nitazame video kali! Siku hiyo nilielewa kitu kuhusu Solomon Linda ambacho kusoma pekee hakungenionyesha. Na yangu ilikuwa video ya sekunde arobaini. Yake ilikuwa maisha.

Kwa hivyo nawaomba mambo matatu, na hakuna hata moja linalohitaji pesa.

Kwanza, taja jina kamili. Usiseme "wakongwe", "wahenga", "ngoma ya kitambo". Wahenga walikuwa na majina. Kama haujui, tafuta. Uliza mzazi, uliza muuza vitabu vya mtumba pale mtaani, soma jalada la kaseti. Ukikosa kabisa, sema umekosa, na uwaombe watu wakusaidie kumpata.

Pili, acha kipande chake kisikike vizuri kabla ya chako kuanza. Sekunde tano za sauti yake, bila kuikimbiza, bila wewe kuongea juu yake. Yule mshairi alimpa Liyongo mistari miwili katika kila ubeti. Wewe huwezi sekunde tano?

Tatu, ongeza kitu. Hii ndiyo ngumu. Kurudia tu kitu cha mtu ni kazi ya spika. Kama umechukua wimbo wa mapenzi wa 1970, tuambie mapenzi yamekuwaje Githurai leo. Mistari mitatu yako iko wapi? Kama haipo, bado haujamuenzi mtu. Umemtumia.

Na kama wakongwe wenyewe wako hai, wapigie. Wengi wako hapa hapa nchini, wanapanda matatu zinazopiga nyimbo zao, na konda anawadai nauli bila kujua anaongea na nani.

Nitaanza mimi. Wiki ijayo natoa video ya "Jambo Bwana", na kitu cha kwanza kwenye skrini kitakuwa jina la Teddy Kalanda Harrison, kwa herufi kubwa kuliko langu. Wewe unamchukua nani? Nitajie hapo chini, jina lote.