Mkeka kwa Hakimu wa Mlimani

Ukitoka Morogoro mjini kwa barabara ya Bigwa kwenda Kisaki, ukapita Mkuyuni na mananasi yake, unaingia Matombo, tarafa ya upande wa mashariki wa milima ya Uluguru, ambako migomba, mikarafuu na pilipili manga hustawi kwenye miteremko ambayo mgeni huogopa hata kuisimamia. Pendekeza huko darasa la yoga kwa watu wa sheria, na jibu utakalopata ni kicheko. Utaambiwa hayo ni mambo ya Masaki na Oysterbay jijini Dar es Salaam, ya watu wenye kiyoyozi na muda wa kupoteza. Mimi naona kinyume chake. Darasa jepesi la wanaoanza, la nusu saa, lisilomtaka mtu ajikunje kama ukambaa, linawafaa zaidi hakimu wa mahakama ya mwanzo, karani wake na msaidizi wa kisheria anayezunguka vijiji hivi kuliko linavyomfaa wakili wa ghorofani Posta.

Sababu iko kwenye kazi yenyewe. Waluguru huhesabu ukoo kwa upande wa mama, na kwa desturi shamba lilikuwa mali ya ukoo, si ya mtu mmoja. Mgogoro wa shamba mlimani kwa hiyo huwakutanisha mjomba na mpwa, au watoto wa marehemu na ndugu wa marehemu, watu ambao jioni watachota maji kijito kimoja. Tangu mabadiliko ya sheria ya 2021, baraza la kata halitoi tena hukumu ya ardhi. Linasuluhisha tu, na likishindwa, wahusika wanaelekea Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Mirathi na ndoa za kimila au za Kiislamu zinaangukia mahakama ya mwanzo. Humo, kwa miaka mingi, sheria haikuwaruhusu mawakili kabisa, na hata sasa walio wengi hujisemea wenyewe. Hakuna wa kuichuja hasira kabla haijafika mezani. Mjane anasimulia, shemeji anamkatiza, na hakimu anapaswa kumtazama shahidi usoni huku mkono ukiandika ushahidi kwa kalamu. Mtazame saa tano asubuhi: bega la kulia limepanda karibu na sikio, taya limekaza, pumzi imekuwa fupi na ya juu juu. Bado kuna mashauri manne nje, na wenyewe wameketi kwenye benchi tangu asubuhi.

Si jambo la kubuni kwamba kazi hii inaumiza. Mwaka 2016 ulichapishwa uchunguzi wa Chama cha Mawakili cha Marekani na taasisi ya Hazelden Betty Ford uliowahusisha mawakili 12,825: asilimia 28 walikuwa na dalili za sonona, asilimia 19 za wasiwasi uliopitiliza, na mmoja kati ya watano alikuwa na tatizo la pombe. Hao ni Wamarekani, na takwimu zao haziwezi kuvishwa watu wa Uluguru kama shati la mitumba. Lakini hali ya kazi inayowachosha, yaani kubeba ugomvi wa wengine kila siku na kuogopa kukosea, haina uraia. Julai 2024 majaji waliokutana Nauru walipitisha azimio kuhusu ustawi wa watoa haki, na Machi 2025 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa likaitenga 25 Julai iwe siku ya kimataifa ya jambo hilo. Huko nyuma, jaji aliyekiri kuchoka alionekana dhaifu. Sasa inakubalika kwamba uchovu wake unamhusu pia mtu aliyesimama mbele yake akisubiri uamuzi.

Yoga inatibu nini hasa? Hapa wapo wanaoiuza kama dawa ya mwarobaini, nao wanaiharibia jina. Mapitio ya Cochrane ya 2017, yaliyokusanya majaribio 12 yenye washiriki 1,080 wenye maumivu sugu ya mgongo, yalikuta nafuu ndogo hadi ya wastani katika utendaji wa mgongo ikilinganishwa na kutofanya mazoezi. Dhidi ya mazoezi mengine ya mgongo, tofauti haikuwa wazi. Ni faida ya kiasi, basi. Lakini kwa mtu anayekaa kwenye kiti cha mbao saa sita, faida ya kiasi isiyohitaji dawa si ya kudharau. Na darasa ninalolitetea halina maajabu: kuketi nyayo zikigusa sakafu, kuvuta pumzi kwa hesabu ya nne na kuitoa kwa hesabu ya sita, kupandisha mabega na kuyaachia, kugeuza shingo polepole, kisha kulala chali juu ya mkeka, miguu ikiegemea ukuta. Mwenye presha, mjamzito au mwenye goti bovu anaambiwa mapema aache zoezi lipi.

Pingamizi zito zaidi ni la dini, na si haki kulipuuza katika nchi ya misikiti mingi, tena kwenye tarafa yenye misheni ya Kikatoliki ya siku nyingi. Yoga ilizaliwa India ndani ya dini, hilo halifichiki. Wanazuoni wa Malaysia mwaka 2008 na wa Indonesia mwaka 2009 waliwakataza Waislamu yoga yenye mantra na ibada. Wale wa Indonesia walieleza wazi kwamba mazoezi matupu ya mwili hayamo katika katazo. Saudi Arabia iliitambua yoga kama mchezo mwaka 2017. Vatikani nayo, katika barua ya 1989 kuhusu sala, iliwatahadharisha waumini wasichukulie utulivu wa mwili kuwa ndiyo faraja ya Roho Mtakatifu. Ukizisoma kwa makini, sauti hizi zinakutana mahali pamoja: zinaogopa ibada, haziogopi kunyoosha mgongo. Darasa la watumishi wa umma lisiwe na mantra, sanamu wala ubani. Likiitwa mazoezi ya viungo na pumzi, sitagombania jina.

Pingamizi la pili lina nguvu kwa namna nyingine: tatizo ni wingi wa mashauri, uchache wa watu na ubovu wa barabara wakati wa masika, kwa hiyo mkeka ni kumpaka mtu rangi badala ya kumtibu. Nakubaliana na nusu yake. Mwajiri atakayeleta mikeka ili akwepe kuajiri makarani anastahili kukataliwa mlangoni. Na Matombo wanajua kukataa. Miaka ya 1950 serikali ya kikoloni iliwalazimisha Waluguru kuchimba matuta ya ngazi milimani, kazi ya sulubu iliyofukua udongo usio na rutuba, na Julai 1955 hasira zililipuka hapo hapo Matombo. Polisi wakafyatua risasi, mtu mmoja akafa, na mpango ukaachwa. Kulikuwa na mmomonyoko wa kweli wa udongo. Kilichouzika mpango ni amri. Kwa hiyo darasa liwe la hiari, ndani ya saa za kazi, lisiandikwe kwenye tathmini ya mtumishi, na aliyelikosa asiulizwe.

Wapo watakaosema michezo ipo tayari. Ni kweli, watumishi wa Mahakama hushiriki SHIMIWI, mashindano ya watumishi wa wizara na idara za serikali, na kuvuta kamba kuna raha yake. Ila mashindano huwaita walio fiti. Karani wa miaka 52 mwenye kiuno kinachouma hubaki kushangilia. Na anayesema watu wa mlimani hupanda vilima kila siku asahau hilo kwa hakimu aliyehamishiwa huku kutoka mjini, ambaye safari yake ndefu kwa siku ni kutoka nyumbani hadi mezani.

Gharama ni mwalimu mmoja na mikeka ya ukindu. Kituo cha Utamaduni cha Swami Vivekananda cha Dar es Salaam hufundisha yoga, na Africa Yoga Project ya Nairobi, iliyoanza 2007, imeonyesha kwamba vijana wa mitaa ya kawaida wanaweza kufunzwa wakawa walimu. Kituo Jumuishi cha Utoaji Haki cha Morogoro, kilichozinduliwa 2021, kina nafasi ya kujaribia wakati wa Wiki ya Sheria, Januari inapoisha, watumishi wa wilaya wanapokusanyika mjini kuwaelimisha wananchi. Majaji watakaribishwa, bila shaka. Lakini mkeka wa kwanza atandikiwe karani aliyeteremka na basi la alfajiri kutoka Matombo, mgongo wake ukiwa umekwishapigwa na mashimo ya barabara kabla hajafungua jalada hata moja.