Mhitimu wa Uongozi wa Elimu Aende Wapi?

Bagamoyo ndiko walikofunzwa viongozi wengi wa elimu wa Tanzania, kwanza katika Chuo cha MANTEP, na tangu mwaka 2001 katika chombo kilichokirithi, yaani Wakala wa Maendeleo ya Uongozi wa Elimu (ADEM). Mhitimu wa stashahada ya uongozi aweza kuwa mwalimu mkuu, afisa elimu kata, mthibiti ubora wa shule, au mtumishi katika ofisi ya elimu ya wilaya.

Hata hivyo, yatokea kwamba mwenye stashahada hurudi darasani kusubiri uteuzi, hali mwenzake hukabidhiwa shule kwa sababu tu anafundisha vizuri. Hapo hasara huwa mbili: darasa limepoteza mwalimu hodari, na shule imepata kiongozi anayejifunza kuandaa bajeti na kuendesha kikao cha kamati kwa kubahatisha.

Wapo wasemao kwamba uongozi ni kipaji. Sikatai, lakini kipaji hakimfundishi mtu kusoma daftari la fedha.

Maoni yangu ni kwamba mafunzo yautangulie uteuzi. Na aliyeteuliwa abaki na vipindi vichache vya kufundisha. Kiongozi aliyesahau vumbi la chaki hulipima andalio la somo kwa muhuri, wala si kwa yale aliyoyaelewa mtoto. Tena tuache kukihesabu kiti cha mwalimu mkuu kuwa ngazi ya kupandia kwenda wilayani. Shule ndiyo kazi yenyewe. Ofisi nyingine zote zipo kwa ajili yake.