Uchambuzi: Ni nani hufika kwanza chombo kinapozama Ziwa Victoria?

Jioni ya Jumamosi, Novemba 24, 2018, boti ya starehe iitwayo MV Templar ilizama katika Ziwa Victoria karibu na ufukwe wa Mutima, wilayani Mukono, si mbali na jiji la Kampala. Wavuvi waliokuwa jirani waliiendea mara moja. Hawakuwa wametumwa na mtu, na vyombo vyao vilikuwa vya kuvulia samaki, si vya uokoaji. Baadhi ya abiria waliopolewa wakiwa hai. Lakini, kwa mujibu wa polisi ya Uganda, watu waliojawa na taharuki waliiparamia mitumbwi iliyokuja kuwasaidia, nayo ikazidiwa na kupinduka. Zaidi ya watu 30 walifariki dunia.

Mjadala uliofuata ulihusu hali ya boti hiyo, idadi ya abiria na jaketi za kuokolea maisha ambazo wengi hawakuzivaa. Hayo yote yalistahili kujadiliwa. Lakini waokoaji wenyewe, wanaofanya kazi hiyo bila mshahara, mafunzo wala cheo, walitajwa kwa nadra.

Dakika zinazoamua

Ziwa Victoria lina eneo la zaidi ya kilomita za mraba 68,000, linalogawanywa kati ya Tanzania, Uganda na Kenya. Wilaya ya Kalangala pekee, upande wa Uganda, ina visiwa 84. Kutoka mialo kama Ggaba jijini Kampala na Katosi wilayani Mukono, wakazi wa visiwani na wafanyabiashara husafiri kwa mitumbwi ya mbao inayobeba pia mkaa, ndizi na dagaa. Dhoruba kali zaidi hupiga usiku, wakati ambao wavuvi wengi wako majini.

Katika mazingira hayo, umbali ndio adui mkubwa. Mtu asiyejua kuogelea huzama kwa dakika chache tu. Hata kikosi chenye boti ya kasi, kikiwa nchi kavu, kinahitaji muda wa kupata taarifa, kuwasha injini na kufika. Mvuvi aliyetega nyavu karibu na eneo la ajali huwa amekwishafika. Ndiyo maana, mara nyingi, polisi wa majini hufika wakati kazi iliyobaki ni kutafuta miili.

Ukubwa wa tatizo lenyewe haujulikani vyema. Watafiti waliopitia kumbukumbu za wilaya 60 za Uganda, kuanzia mwaka 2016 hadi katikati ya 2018, walikuta takribani vifo 1,300 vya watu waliozama. Karibu vinane kati ya kila 10 vilionekana katika chanzo kimoja tu cha taarifa. Kwa maneno mengine, kifo kilichoandikwa na polisi aghalabu hakikuonekana kwingine. Ikiwa waliokufa hawahesabiwi ipasavyo, waliookolewa na wavuvi usiku wa manane wana nafasi ndogo zaidi ya kuingia katika kumbukumbu yoyote.

Wema wenye gharama

Anayegeuza mtumbwi kwenda kuokoa huacha nyavu zake, huchoma petroli aliyoinunua mwenyewe na huhatarisha chombo kinachomlisha. Hatari kubwa zaidi ni kwa maisha yake. Mfa maji haachi kutapatapa, Waswahili husema, na hushika chochote kilicho mbele yake, hata kama ni shingo ya mwokozi. Yaliyotokea Mutima yalionyesha kwamba ujasiri bila mbinu unaweza kuongeza idadi ya waliozama.

Uhusiano wa wavuvi na dola unazidisha ugumu. Mwaka 2017, wanajeshi wa Uganda walianza kupambana na uvuvi haramu, na mitumbwi isiyotimiza urefu wa futi 28 imekamatwa na hata kuchomwa moto. Serikali inasema hatua hizo zinalinda samaki. Hata hivyo, mvuvi yule yule anayekimbia doria asubuhi ndiye anayetegemewa usiku. Mwenye hofu ya kukamatwa huenda akasita kusogea panapohusika vyombo vya dola, na kusita huko kuna gharama yake.

Tanzania nayo ilipata somo kama hilo. Novemba 6, 2022, ndege ya Precision Air ilianguka ziwani karibu na uwanja wa Bukoba ikiwa na watu 43. Majaliwa Jackson, mvuvi kijana, alikuwa miongoni mwa waliofika kwanza na alisaidia kufungua mlango kwa kasia. Watu 24 walinusurika. Alizawadiwa shilingi milioni moja na nafasi katika Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Heshima hiyo ilistahili, lakini ilimfikia baada ya ajali. Kabla yake, kasia ndilo lililokuwa kifaa chake.

Kujitolea si kukosa vifaa

Uingereza ina taasisi ya boti za uokoaji, RNLI, iliyoanzishwa mwaka 1824 na ambayo hadi leo hutegemea zaidi watu wa kujitolea. Mabaharia hao wana kazi nyingine, lakini hufunzwa, hupewa boti na mavazi, na huitwa kwa utaratibu unaoeleweka. Tofauti yao na mvuvi wa Katosi haiko katika moyo wa kujitolea. Iko katika kile wanachokabidhiwa kabla ya kuingia majini.

Uganda ilipitisha sheria mpya ya usafiri wa majini mwaka 2021, na pamoja na Tanzania inashiriki mradi unaofadhiliwa na Benki ya Maendeleo ya Afrika wa kuimarisha mawasiliano na uokoaji ziwani, ukiwa na kituo cha uratibu Mwanza. Ni hatua muhimu. Lakini kituo hakiwezi kuwa karibu na kila chombo kinachopinduka.

Shirika la Afya Duniani linapendekeza kuwafunza watu wa kawaida uokoaji salama na namna ya kumrejeshea pumzi aliyezama. Katika mialo ya Kampala, hilo lingeweza kuanza kwa mambo madogo: kamba ndefu na majerikeni matupu ya kurushia anayezama badala ya kumpa mkono, zamu inayojulikana, na utaratibu wa kurudisha mafuta yaliyotumika.

Agosti 2, 2023, watu 20 walikufa maji baada ya boti iliyojaa mkaa, vyakula na dagaa kuzama ikielekea mwalo wa Nsonga. Polisi ilitaja mzigo kupita kiasi na hali mbaya ya hewa. Safari za aina hiyo zinaendelea kila siku, na wavuvi wataendelea kugeuza mitumbwi yao wakisikia kelele. Kilicho mikononi mwa serikali ni kuamua iwapo watakwenda wakiwa na mikono mitupu.