Lubumbashi: Barua pepe ikikataliwa, msisingizie SNEL

LUBUMBASHI – Aliyehama vita akifika kwenye ofisi ya mji na karatasi zake mkononi, mara nyingi anajibiwa: "Tuma kwa barua pepe." Basi mama aliyetoka Goma baada ya M23 kuingia humo Januari 2025, au Bukavu mwezi uliofuata, anatafuta mahali pa kuskani, analipa franka zake, ananunua mega na kutuma cheti cha kuzaliwa cha mtoto. Baada ya siku chache barua inamrudia na maneno ya Kiingereza yenye maana kwamba muunganisho umekataliwa. Akirudi ofisini anaambiwa: "Ni SNEL, mama. Umeme ulikatika."

Jibu hilo si la kweli, na barua iliyorudi ndiyo shahidi.

Delestaji ipo; hakuna mkaaji wa Katuba au Ruashi asiyeijua. Lakini seva isiyo na umeme haikatai mtu, inanyamaza. Anayebisha hodi anangoja mpaka anachoka, na ujumbe unaomrudia husema muda umekwisha. Kukataa ni jibu, na jibu hutoka kwenye kifaa kinachowaka. Hodi imesikika, ila hakuna aliyewekwa kuufungua mlango namba 25, ule ambao barua za seva nyingine hupitia.

Kuna zaidi. Kanuni za barua pepe, zinazoitwa RFC 5321 na zilizotolewa mwaka 2008, zinaitaka seva inayotuma isikate tamaa upesi. Inapaswa kujaribu tena na tena, kwa kawaida siku 4 au 5. Umeme ukikatika usiku mmoja, barua inangoja na kuingia asubuhi. Ikishindwa kabisa na kurudi, maana yake mlango umekaa umefungwa siku kadhaa na hakuna mtu ofisini aliyeangalia.

Sababu zake mafundi wanazijua. Programu ya kupokea barua ilizimika, haikuwashwa tena. Au ilipangwa isikilize ndani ya mashine yake tu. Au kinga ya mtandao imeufunga mlango huo. Au jina la ofisi kwenye intaneti bado linapeleka barua kwenye mashine ya zamani. Hata kama umeme ndio ulioizima programu mara ya kwanza, kuiwasha tena ni kazi ya mtu, si ya SNEL.

Shida ni namna ya kujaribu. Fundi anakaa ndani ya ofisi, anamwandikia mwenzake wa meza ya pili, barua inafika, naye anasema: "Iko sawa." Huko ni kupima mlango wa jikoni wakati wageni wamesimama barabarani.

Watetezi wa ofisi watasema pesa hakuna na fundi halipwi vizuri. Inawezekana. Lakini kujaribu kutoka nje hakungoji bajeti: simu, mega kidogo, na barua moja kila Jumatatu asubuhi kutoka anwani isiyo ya ofisi. Isipofika, karani abandike tangazo mlangoni siku hiyohiyo na apokee karatasi kwa mkono. Na kwa kuwa malalamiko nayo hayapiti kwenye mlango uliofungwa, namba ya simu ya fundi iandikwe ukutani.

Jambo kubwa kuliko yote ni tarehe ya mwisho. Ofisi inayomfungia mtu mlango kwa siku 5 haina haki ya kumwambia siku ya 6 kwamba amechelewa. Siku hizo ni deni la ofisi, zirudishwe kwa familia. Mtoto asikose shule, wala jina lisiondolewe kwenye orodha ya msaada, kwa kosa la mashine ambayo hakuna aliyeitazama.

Nanyi familia mliohama, barua iliyorudi msiifute. Ina tarehe, ina saa, ina sababu ya kukataliwa. Ipigeni chapa, mwende nayo ofisini, na mwombe iandikishwe kwamba mlituma kwa wakati. Siku hiyo, karani akitaja SNEL, mwonyesheni karatasi.