Deni la Hospitali na Mirathi ya Marehemu

Matanga yakiisha na waombolezaji wakitawanyika, mara nyingi hubaki karatasi moja mezani: hesabu ya matibabu ya marehemu. Je, ni nani atakayeilipa? Wako mjini Kampala wanaodhani kwamba mjane hana budi kuuza hata cherehani yake. Sivyo sheria isemavyo.

Kwanza ieleweke kwamba tangu Machi 2001, hospitali na vituo vya afya vya Serikali ya Uganda hutibu bila malipo, isipokuwa katika wadi za kulipia. Aliyelazwa wadi ya kawaida haiachii Serikali deni. Marekani mambo ni mengine: sheria ya mwaka 1993 inayaamuru majimbo yadai, katika mali ya marehemu, gharama za umma zilizomtunza uzeeni katika nyumba za uuguzi. Hata huko, dai hilo hungoja mjane au mgane naye afariki.

Deni, basi, hutoka katika wadi za kulipia na hospitali za watu binafsi. Sheria ya Mirathi ya Uganda, iliyoanza mwaka 1906, imeliwekea utaratibu. Gharama za mazishi, zikiwa za kiasi, pamoja na za matibabu ya mwisho, hutangulia madeni yote. Hufuata gharama za kupata hati ya usimamizi wa mirathi, kisha ujira wa vibarua na watumishi wa nyumbani, halafu madeni mengine. Warithi hugawana kinachosalia.

Fedha hizo hutoka katika mali aliyoiacha marehemu. Isipotosha, mjane halazimiki kujazia kwa mshahara au shamba lake mwenyewe, ila ikiwa yeye binafsi alitia saini kwamba atalipa. Kwa hiyo, kabla ya kutia saini hospitalini, mke wa askari na asome vizuri: je, anaandikisha jina la mgonjwa tu, au anajitwisha deni?

Nao mashemeji wasiifanye hesabu ya hospitali kuwa kisingizio cha kumtoa mjane nyumbani. Marekebisho ya sheria ya mwaka 2022 yamelifanya tendo hilo kuwa kosa la jinai.

Dawa ya deni ni kulipa, lakini kwa utaratibu. Stakabadhi zote za matibabu na zihifadhiwe pamoja, na mali isigawanywe kabla hesabu haijakamilika.