Kidonge kisubiri damu itolewe

Ndugu msomaji unayetumia levothairoksini kwa tezi ya shingo, siku ya kipimo usimeze kidonge alfajiri. Kitie mfukoni, nenda maabara, utolewe damu, ndipo ukimeze kwa maji, na uji au chai visubiri nusu saa au zaidi.

Kidonge kikimezwa, homoni ya T4 hupanda kwenye damu kwa saa chache. Daktari anaweza kudhani dozi imezidi, akaipunguza, nawe ukabaki na uchovu ule ule. Kipimo cha TSH hakiyumbi sana kwa kidonge kimoja, lakini wewe hujui leo wanapima kipi.

Wapo wanaoacha dawa wiki nzima ili eti damu iwe safi. Hilo silikubali hata kidogo, na kwa mjamzito ni hatari, maana mtoto tumboni anaitegemea homoni hiyo.

Ukisahau ukameza, usirudi nyumbani baada ya mwendo wote huo. Mwambie mtoa damu saa uliyomeza, aiandike kwenye karatasi. Na wenzangu wa zahanati za kambini, haya tumweleze mgonjwa siku tunapomwandikia kipimo, si akiwa tayari kwenye foleni ya maabara.